Mtoto akibadilika ghafla, mpimeni koo

Jumatatu mwanangu wa miaka saba alilala mzima. Kufika Jumatano ananawa mikono mpaka vidole vimepasuka, macho yanapepesa mfululizo, na kila baada ya dakika chache ananiuliza, "Mama, utakufa?" Tuliambiwa ni deko. Nikaamini, nikamgombeza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kilichotufumbua macho ni daftari lake. Ukurasa wa Ijumaa herufi zimekaa sawa juu ya mstari. Wa wiki iliyofuata zimetawanyika, nyingine kubwa nyingine ndogo, kama mkono si wake. Nikampelekea daktari mwingine kurasa zote mbili. Akauliza kama kuna aliyeumwa koo nyumbani. Mtoto mwenyewe hakuwahi kulalamika, ila dada yake alikuwa na mafindofindo wiki tatu nyuma. Akapanguswa koo kwa kijiti cha pamba, na bakteria wa streptokoka wakaonekana.

Hali hii ya mtoto kubadilika ghafla baada ya maambukizi ya streptokoka huitwa PANDAS. Daktari Susan Swedo na wenzake wa Marekani waliieleza mwaka 1998 kutokana na watoto 50. Inadhaniwa kwamba kingamwili zinazopambana na bakteria hukosea shabaha na kushambulia sehemu ya ndani ya ubongo inayoratibu mienendo. Wapo madaktari wasioikubali. Ukimpata wa namna hiyo usibishane naye, mwombe tu ampime mtoto koo. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoithibitisha. ASO, yaani kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya streptokoka, ikiwa juu inaonyesha tu kwamba streptokoka walipita. Ndiyo maana simulizi yako wewe mzazi ina uzito sana: lini ilianza, nani aliumwa nyumbani, nini kilibadilika. Andika na tarehe.

Antibayotiki maliza dozi yote hata akipata nafuu. Kwetu dawa peke yake haikutosha. Mtaalamu wa saikolojia alimzoesha kushika kitu na kukaa bila kunawa, dakika mbili, kisha tano. Sisi wazazi tukafundishwa kuacha kulijibu lile swali la kifo kila linaporudi. Kumwona analia nami nimenyamaza, nimemkumbatia tu, kulinishinda nguvu kuliko kitu kingine chochote. Lakini baada ya wiki chache swali lilipungua.

Miezi mitano baadaye macho yakaanza tena kupepesa. Safari hii sikumgombeza. Nilichukua daftari langu la tarehe, tukafika kliniki siku ileile.