Re: Washairi na mahipi wa Marekani, nani alitangulia?

Mkuu, umeuliza kama washairi waliwafuata tu mahipi, wale vijana wa miaka ya 1960 waliokataa maisha ya kawaida ya jamii yao. Hapana, walitangulia kwa zaidi ya miaka 10. Januari 14, 1967, maelfu ya vijana walipokusanyika bustani ya Golden Gate Park, San Francisco, kwa Human Be-In, mkutano mkubwa wa mahipi, jukwaani walikuwepo washairi Allen Ginsberg, Gary Snyder na Michael McClure. Hao watatu walikwishasoma mashairi pamoja Oktoba 1955 pale Six Gallery, ukumbi wa sanaa wa San Francisco uliowahi kuwa gereji, mshairi Kenneth Rexroth akiwa mshereheshaji na mwandishi Jack Kerouac akichangisha hela za mvinyo.

Lakini usiishie kwenye majina makubwa. Nguvu ya washairi hao, kwa maoni yangu, ilikuwa kujitegemea: walikuwa na wasikilizaji wao, na duka la vitabu la City Lights la mshairi Lawrence Ferlinghetti lilichapisha vitabu lenyewe. Ndiyo maana "Howl", kitabu cha mashairi cha Ginsberg, kilitoka 1956 bila kuomba baraka za wachapishaji wakubwa wa New York. Mwaka 1957 Ferlinghetti akashtakiwa kwa kuchapisha na kuuza maandishi machafu. Jaji Clayton Horn akamwachia huru, akisema kitabu kile kina thamani kwa jamii, na kesi yenyewe ikakitangaza nchi nzima.