Tirukkural: uanze na tafsiri ipi

Umeuliza kama ni kweli tafsiri ya mwanzo ya Tirukkural, kitabu cha kale cha beti fupi za Kitamil, lugha ya kusini mwa India, huko Ulaya iliacha sehemu nzima. Ni kweli. Constanzo Beschi, padri Mjesuiti kutoka Italia, aliitafsiri kwa Kilatini mwaka 1730, akaishia kwenye maadili na utawala. Sehemu ya tatu, ya mapenzi, aliiruka kwa kuona haimfai mmisionari. Hizo ni beti 250 kati ya 1,330, na mimi naihesabu kuwa hasara kubwa, maana humo ndimo mtunzi wake, Thiruvalluvar, anapokuwa karibu zaidi na binadamu wa kawaida. Kuna sura nzima ambayo mwanamke aliyeachwa na mpenzi wake anazungumza na moyo wake mwenyewe, anaugombeza.

Kwa Kiingereza, G. U. Pope alitoa kazi kamili kwa mashairi mwaka 1886. Inapendeza, lakini vina vimemfanya aongeze maneno. Kitamil chenyewe kinabana mno: mstari wa kwanza vipande vinne (kila kipande ni kama neno moja), wa pili vitatu, basi. Angalia ubeti wa 314, unaosema kwamba adhabu ya aliyekukosea ni kumtendea wema mpaka aone haya. Yote hayo yamo katika vipande saba!

Kwa hiyo usimsome Pope peke yake. Weka pembeni tafsiri ya V. V. S. Aiyar ya mwaka 1916, ambayo ni ya nathari, ulinganishe ubeti kwa ubeti. Anza na sura ya 32, ya kutomdhuru mtu, ambayo huo wa 314 umo.