Mbona glavu, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Picha ulizopiga kwenye makumbusho ya Leipzig zimefika, nami nimezikodolea macho hadi chai ikapoa. Unauliza: kama huyu mchoraji Mjerumani, Max Klinger, alikuwa na hamu ya mwanamke, mbona katika mfululizo wake wa picha uitwao "Glavu" katuchorea glavu?

Rudi bamba la 2, yaani picha ya pili ya mfululizo huo. Watu wanateleza kwa viatu vya magurudumu huko Berlin, mwanamke kadondosha glavu, kijana anainama kuiokota hadi kofia inamwanguka. Mwanamke huyoo, mgongo tu. Baada ya hapo ni ndoto tupu. Glavu imo baharini, kijana yumo mashuani anaiopoa kwa ngoeo. Mara imeshika hatamu, inakokotwa na farasi wa mawimbi ndani ya gari la kombe. Mara imekuwa jinamizi kubwa, na maji yamefika kitandani.

Sasa glavu ni nini? Ni umbo la mkono ambao haumo. Baba yako alipokuwa safarini, kulikuwa na shati lake moja nililokataa kulifua. Usicheke. Klinger angetuonyesha uso, tungebishana kama ni mzuri, basi, yangeishia hapo.

Na kazi yenyewe iko hivyo hivyo. Bamba la shaba hupakwa nta, unachora kwa sindano, kisha asidi inakula pale nta ilipokwanguka. Ukishapaka wino unafuta uso wote; unaobaki ni ule uliojificha ndani ya mifereji. Kwa hiyo kila mstari mweusi unaouona karatasini ni mahali shaba ilipoliwa. Mabamba haya 10 yalitoka mwaka 1881, Klinger ana miaka 24 tu, na tayari alijua asidi inafaa kusimulia nini.

Bamba la 9 sikubaliani nawe. Unasema lile dude lenye mabawa ni kifo. Huenda. Mimi naangalia ile mikono miwili iliyotokeza dirishani: imevunja vioo, imenyooshwa gizani, haikushika kitu. Mikono mitupu, na glavu inaondoka mdomoni mwa mnyama!

Lile la mwisho, lenye waridi na Kupido, yule mungu mtoto wa Kirumi wa mapenzi, ulidhani kijana kampata mwanamke wake? Litazame tena. Mwanamke hayupo. Kijana naye hayupo. Glavu ndiyo iliyolala pale.

Mama yako