Somo la hiari: chagua uoni hafifu
Mdogo wangu, umeniuliza uchague somo lipi la hiari katika masomo yako ya upimaji macho. Kati ya uoni hafifu (kuona kudogo ambako miwani ya kawaida haitoshi kukurekebisha), macho ya watoto na lenzi za kuvaa jichoni, mimi ningechukua uoni hafifu bila kusita. Mtoto mwenye ualbino ukimpimia miwani vizuri bado anaweza asisome ubaoni, kwa sababu kitovu cha retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo kwa uwazi, hakikukomaa na macho yanachezacheza. Hapo ndipo utahitaji kujua vikuza maandishi, darubini ndogo ya mkononi, miwani ya kupunguza mwanga mkali, na namna ya kuongea na mwalimu wake. Lenzi nazo zina umuhimu, hasa zile ngumu kwa wenye keratokonasi, ugonjwa unaofanya kioo cha mbele cha jicho kiwe chembamba na kuchongoka. Ila uliza kwanza kama kliniki ya chuo chenu inapata wagonjwa wa kutosha. Nadharia pekee haitakutosha.