Maswali yenu: mita moja wapangaji sita, kVA za karakana na kuni za shule

"Kuna kijana hapa stendi anauza kifaa cha kuchomeka kwenye soketi. Anasema kinapunguza LUKU kwa nusu. Ni kweli?" Msomaji, Majengo, Moshi

Si kweli, na naomba swali hili lisirudi tena. Ndani ya kile kiboksi mna kapasita ndogo (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) na kitaa cha kijani. Kapasita inaweza kupunguza mkondo unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi, lakini mita ya nyumbani haikutozi kwa mkondo huo. Inakutoza kwa uniti, yaani kilowati moja ikitumika saa moja. Kitaa cha kijani, kwa upande wake, kinakula uniti.

"Tuko wapangaji sita kwenye mita moja na tunachanga sawa. Mmoja ana jiko la koili, mwingine ana friji. Tufanyeje tusigombane?" Mpangaji, Sakina, Arusha

Kabla ya koili kuna jambo la bei, na ndilo linalowaumiza wote. Kundi la D1 ni la nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti ni shilingi 100. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inafika 122. T1, kundi la matumizi ya kawaida, ni 292, na kwa makato yale yale inakuwa 356 na senti zake. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 30. Kwenye mita yenu moja ni 180, ambazo kwa T1 ni kama 64,100. Kila chumba kingekuwa na mita yake ndani ya D1, jumla ingekuwa 21,960. Zaidi ya 42,000 zinakwenda kila mwezi na hakuna aliyezembea hata kuzima taa.

Hapa ndipo ninapogombana na wapanga bei. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kipato kidogo inamkosa mtu huyo kwa sababu anakaa chumba cha uani, halafu inaangukia nyumba ya Marangu iliyofungwa mwaka mzima na kufunguliwa wiki ya Krismasi. Kipimo kinahesabu uniti za mita, hakihesabu watu walio nyuma yake. Semina za kubana matumizi hazitarekebisha hilo.

Cha kufanya: mwombeni mwenye nyumba mita tofauti. Kuunganishwa mjini kwa njia moja, bila nguzo, ni 320,960. Ulizeni TANESCO kabla ya kulipa kama mita mpya zitaingizwa D1, msije mkadhani ni jambo la moja kwa moja. Kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mwenye nyumba atoe taarifa kwamba ni jengo moja, isikatwe kwenye kila mita.

Akikataa, fungeni mita ndogo kwa kila chumba, kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Andikeni namba za siku ya kwanza mbele ya wote. Mwisho wa mwezi jumlisheni mita ndogo, mlinganishe na mita kuu. Tofauti ni taa za nje na pampu. Kama tofauti inaendelea hata kila kitu kikiwa kimezimwa, kuna waya unaovujisha umeme kwenda ardhini au kuna mtu amejiunga kabla ya mita yake. Na huyo wa koili: koili ya wati 1,500 kwa saa mbili kila siku ni uniti 90 kwa mwezi. Achangie anachotumia.

"Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115. Kwa nini bado mnatuambia tubane umeme?" Msomaji, Usa River

Kwa sababu bwawa liko Rufiji na wewe uko Usa River. Umeme hupotea njiani kama joto, na upotevu hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, kinachopotea kwenye waya ule ule ni mara nne. Machi 2025 Serikali yenyewe ilisema itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na sababu iliyotajwa ni upotevu wa njia ndefu. Kwa hiyo uniti unayoiokoa saa mbili usiku, wakati mkondo uko juu, ina thamani kubwa kuliko ya saa sita mchana, lakini LUKU ya nyumbani inakutoza bei ile ile. Hita ya bafuni ya kilowati 5 inawashwa jioni na mtaa mzima, na hakuna bei inayomshawishi mtu aoge saa kumi.

Ghana mwaka 2007 waligawa bure balbu milioni 6 za kubana umeme, na mahitaji ya saa za kilele yakashuka kwa megawati 124. Hiyo ndiyo sera. Bango lenye maneno "Zima taa" ni bango tu.

"Nikizima TV kwa rimoti inatosha?" Mwanafunzi, Moshi

Kwa TV ya sasa ndiyo; kahangaike na pasi na hita.

"Nina karakana ya mbao Njiro, niko T2. Mstari wa kVA unakula karibu theluthi ya ankara. Fundi anataka kunifungia kapasita. Naye ni tapeli?" Mwenye karakana

Hapana, na soma jibu la kwanza uone kwa nini majibu yanatofautiana: wewe uliye T2, kundi la watumiaji wakubwa, unatozwa pia kwa kVA, yaani umeme wote unaouvuta kwa mpigo pamoja na ule unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi; mwenzako wa Majengo hatozwi. Mota zako zikivuta kilowati 40 kwa pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi) ya 0.7, mita inaona kVA 57. Ukiifikisha 0.95 inaona 42. Kwa 15,004 kwa kila kVA, hizo 15 ni kama 225,000 kwa mwezi kabla ya VAT. Unahitaji takriban kVAr 28 (kipimo cha ukubwa wa kapasita), basi nunua seti ya 30 yenye kidhibiti kinachoingiza kapasita kwa hatua. Usikubali zinazobaki zimeunganishwa muda wote: mota zikizimwa usiku, volti inapanda na vifaa vingine vinaweza kuharibika. Kama una mashine yenye kidhibiti mwendo cha kielektroniki, mwambie fundi mapema, kwa sababu kapasita za kawaida huvimba na kupasuka karibu nayo. Na asiguse nyaya mara tu baada ya kuzima. Kapasita hubaki na chaji.

Ila anza na mota. Mota ya kilowati 15 inayofanya kazi ya kilowati 5 ndiyo inayoangusha pawa fakta, na hiyo hubadilishwa, haitibiwi.

"Shule yetu ina wanafunzi 500, tumeambiwa tuache kuni. Bodi inauliza tununue mitungi mingapi." Mwalimu, Hai

Mwalimu, bodi imeanza na swali la mwisho. Pimeni kwanza kuni kwa mizani, wiki nzima. Kwa mafiga ya wazi, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya takriban kilo 11 za kuni kavu. Kwa jiko banifu zuri la taasisi, kilo 4 hivi. Kama mnachoma kilo 200 kwa siku kwenye mafiga, gesi ni kama kilo 18 kwa siku, na jiko banifu lingeshusha kuni hadi 75. Kuni mbichi zinaharibu hesabu yote, maana moto unachemsha maji yaliyomo ndani yake kwanza.

Maharage na mahindi ya makande yalowekwe usiku kucha, sufuria ziwe na mifuniko inayokaa. Hilo halina gharama na linapunguza mitungi kabla hamjainunua. Mitungi ikae nje, kwenye kizimba chenye matundu chini, mbali na mfereji: gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya. Mpira wa gesi una tarehe, ukipita, badilisheni.

Katazo la kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 lina nia njema, na lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034 silipingi. Napinga amri inayofika shuleni kabla ya fungu la fedha. Napinga pia kuweka kapu moja matawi ya mgrevilea yaliyopogolewa shambani Machame na mkaa wa miti iliyofyekwa porini.

"Friji la mtumba kutoka Ulaya ni nusu bei. Ninunue?" Msomaji, Kijenge

Ghana walitunga kanuni ya kuzuia mafriji ya mitumba mwaka 2008 na kuanza kuisimamia 2013. Kwetu bado yanauzwa. Kama lazima ununue, bana karatasi mlangoni; ikichomoka kirahisi, mpira umekufa. Kisha lichomeke kwenye kipima-uniti saa 24. Likila 2.5 kwa siku, kwa mwezi ni 75: D1 yako yote imekwisha na hujawasha taa hata moja.