Nyuzi za nguo zinazoingia baharini

SWALI: Hapa kwetu Tanga tumenunua mashine ya kufulia, na maji yake hutoka kwenye mpira hadi mtaro unaoteremkia baharini. Nilipofua blanketi jipya la manyoya, niliona maji yametoka na vumbi la buluu, rangi ileile ya blanketi. Nimeambiwa kuwa hiyo ni plastiki. Je, ni kweli, na nifanye nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli, dada yetu. Mablanketi mengi ya aina hiyo ni ya poliesta, yaani plastiki iliyovutwa ikawa uzi, na kila yanaposuguana majini, vipande vya nyuzi hukatika na kutoka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kwamba mzigo wa kilo 6 wa nguo za akriliki, ambayo nayo ni uzi wa plastiki, unaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 kwa kufuliwa mara moja tu. Kanga ya pamba halisi nayo hutoa nyuzi, ila pamba huoza, ilhali poliesta hudumu majini miaka mingi, ikamezwa na samaki na chaza.

Kinachoongeza madhara ni maji kuwa mengi mno yakilinganishwa na nguo zilizomo, na hapa ndipo wengi wetu hukosea kwa nia njema. Programu ya nguo laini, ambayo tungedhani ni ya upole, hutumia maji mengi zaidi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, pia cha Uingereza, walionyesha mwaka 2019 kwamba ndiyo inayong'oa nyuzi nyingi. Kwa hiyo subiri nguo zijae vizuri, tumia maji baridi na muda mfupi, kisha anika kambani. Nguo isiyo chafu isifuliwe kwa mazoea tu.

Nguo mpya ndizo zinazotoa nyuzi nyingi zaidi, na vumbi lile la buluu litapungua kadiri unavyoendelea kufua. Blanketi jipya ningelifua kwa mkono kwenye beseni mara mbili tatu za mwanzo, bila kulisugua kwa brashi, kisha ningemwaga maji polepole kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Utaona utando mwembamba wa buluu umebaki juu ya kitambaa. Uache ukauke, uukwangue, uutie kwenye taka.

Kuhusu mashine yenyewe, zipo chujio zinazofungwa kwenye mpira wa kutolea maji, na Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 inayotaka mashine mpya ziwe na chujio kuanzia 2025. Wapo wanaofunga soksi ya nailoni mwishoni mwa mpira. Hiyo hunasa mabonge, lakini nyuzi nyembamba hupita, na ikiziba hulazimisha pampu kufanya kazi kupita kiasi, basi ikague kila unapofua. Chujio yoyote utakayopata, usiisuuze bombani, kwa sababu nyuzi ulizozinasa zitarudi mtaroni zilezile.