Kabla ya Viza Jifunze Kusimama: Mimi, Skeiti Zangu, Paris na Berlin

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nakuru alinitumia meseji ndefu yenye video. Kwenye video anashuka barabarani na skeiti, mkono mmoja ameshika nyuma ya matatu, mwingine anapungia watu. Chini ameandika, "Dada, mimi nimeshaiva, nisaidie na mimi nifike Ulaya nikaskeiti kama wewe, hata kama ni barua ya mwaliko tu." Nimeiangalia ile video mpaka bando likaisha. Kasi anayo, balansi anayo, moyo anao kunishinda mimi. Kitu ambacho sijakiona popote ni breki. Akifika mwisho anaupiga ukuta wa duka kwa mikono miwili, halafu anageukia kamera anacheka.

Najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto hiyo hiyo, maana meseji za namna hii nazipata kila nikiweka picha, so nimeona nijibu wote kwa mpigo. Mwaliko sina, mimi mwenyewe hakuna mtu alinialika. Ila hadithi ninayo, na ushauri kidogo.

Mimi nimejifunza skeiti pale Aga Khan Walk, katikati ya Nairobi, Jumapili mji ukiwa umepoa, kwa skeiti za kukodi zilizonukia miguu ya watu wengine. Baadaye nikanunua zangu za mitumba pale soko la Toi, kubwa namba moja, nikawa navaa soksi mbili. Ile kabro ya mjini, yale matofali yaliyotandikwa chini, inatetemesha mpaka meno, na vumbi linaingia kwenye beringi mpaka magurudumu yanalia. Mtu akanielekeza Kirinyaga Road kwa wauza spea, ukifika unasema tu "608", ndiyo saizi ya beringi za skeiti, hawakuulizi ni ya nini, wanakupa. Ukitaka isiingie vumbi haraka chukua ile yenye mfuniko wa raba. Hiyo ndiyo siri ya kwanza, na nimeitoa bure.

Nyumbani sasa. Mama alikuwa akiniona natoka bafuni ananiambia, "Wee msichana, hayo magoti utamwonyesha nani?" Mjomba naye alisema mbele ya watu kwenye sherehe ati mtu mzima mwenye kazi ya uhasibu hawezi kuonekana mjini na viatu vya watoto. Kuna jengo moja hapa mjini lenye sakafu laini kama kioo, nje, wazi kabisa, na walinzi wake walikuwa wanatufukuza na rungu kana kwamba tumekuja kuiba. Nasema haya sio kutafuta huruma. Nasema kwa sababu wale wale ndio siku hizi wananitumia "hongera mama, tuletee chokleti."

Ya viza nitaisema haraka kwa sababu bado inanichoma. Mara ya kwanza niliandika ukweli mtupu, kwamba naenda kuskeiti. Mdada wa dirishani akaisoma barua yangu, akamwita mwenzake, wakaisoma wote wawili, wakaangaliana. Sikusikia walichosema lakini macho ninayo. Baada ya muda nikapata ile fomu yenye viboksi, kimoja kimewekewa alama, kwamba sababu ya safari haiaminiki. Na ile hela ya viza hairudi, mjue. Siku hizi kwa mtu mzima ni euro 90, ilipandishwa Juni 2024 kutoka 80, na bado hujalipa ada ya kampuni inayopokea makaratasi.

Watu wakanishauri niandike naenda kutalii, nione mnara, nirudi. Nikakataa. Mara ya pili niliandika vile vile, naenda kuskeiti, lakini nikaambatanisha kila kitu mpaka faili likanenepa. Barua ya kazini ya likizo inayosema tarehe ya kurudi, stetimenti za benki zenye mshahara unaoingia kila mwezi (sio hela ya kukopa iliyowekwa jana, wanaona hiyo), bima inayofika euro 30,000 kama sheria ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) inavyotaka, bukingi za kulala, na ukurasa unaoelezea matembezi ya skeiti ya Ijumaa ya Paris, nikachora na kalamu ya rangi pale panaposema saa na mahali. Wakanipa. Hilo neno skeiti sikulitoa na sitalitoa.

Kitu kingine cha viza ambacho watu hawaambiwi ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mimi nilitaka Paris na Berlin, Paris ndiyo ilikuwa na siku nyingi, basi nikaomba Ufaransa, na viza hiyo hiyo ikanifikisha Ujerumani kwa basi la usiku.

Sasa Paris. Kila Ijumaa, kama barabara haijalowa, watu wa skeiti wanakusanyika mbele ya stesheni ya Montparnasse, uwanja unaitwa Place Raoul Dautry, na saa nne usiku wanaondoka kuzunguka mji, karibu kilomita 30, kama masaa matatu hivi na mapumziko katikati. Ni bure. Inaitwa Pari Roller na imekuwepo tangu miaka ya 90. Mimi nilifika mapema sana, nimevaa helmeti, kinga za viganja, kinga za magoti, naona watu wamevaa tisheti na kaptula tu kama wanaenda dukani. Kulikuwa na wazee wenye mvi, kulikuwa na mtu anacheza muziki kutoka begi la mgongoni, na kulikuwa na mama mmoja anayeskeiti kinyumenyume huku anaongea na mwanawe.

Halafu tukaondoka, na hapo ndipo niliposikia ule mlio. Magurudumu ya mamia ya watu kwenye lami laini, sijui niuelezeje, unausikia kwenye kifua. Watu wa kujitolea wanakimbilia mbele kwenye kila njia panda, wanasimama katikati ya barabara wamenyoosha mikono, na magari yanasimama. Polisi wapo, na gari la huduma ya kwanza linafuata nyuma. Nilipita katikati ya barabara kubwa, taa ni nyekundu, teksi zimesimama kuningoja mimi, msichana wa kufukuzwa na rungu. Nililia kidogo ndani ya helmeti, wacha niseme.

Kilio kikakatizwa na mteremko. Hakuna aliyeniambia Paris ina miteremko. Mbele watu wamejaa, nyuma watu wamejaa, pembeni magari yameegeshwa, hakuna ukuta wa duka wa kuupiga kwa mikono, na ukianguka pale unaangusha watu kumi. Nilivuta mguu wa nyuma kwa upande, ile ya herufi T, magurudumu yakisugua lami, nikaushikilia hivyo mpaka paja likaanza kutetemeka, na nikashuka pole pole kama bibi harusi. Kijana mmoja mzuri wa mbwembwe, ambaye kabla ya kuondoka alikuwa anaruka juu ya makopo tukampigia makofi, aliishia kwenye pikipiki iliyoegeshwa. Hakuumia sana. Ila mtu wa kujitolea alimtoa pembeni akamwambia maneno, na sikumwona tena kwenye msafara.

Wakati wa mapumziko bibi mmoja, naamini ana miaka sitini na kitu, akakaa karibu nami, akaangalia magurudumu yangu. Kifaransa sina, Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini akageuza skeiti yangu juu akanionyesha kwa kidole. Magurudumu ya mguu wa breki yalikuwa yameliwa upande mmoja, yamekaa mshazari kabisa. Akatoa kispana chake, tukayafungua pale pale chini ya taa, akayageuza upande uliolika ukae nje, na akabadilishana nafasi, la kwanza na la tatu, la pili na la nne. Dakika chache tu. Aliponirudishia akagusa lile gurudumu lililolika na kunionyesha dole gumba. Nilielewa. Gurudumu lililoliwa vile ni la mtu anayejua kusimama.

Ndio maana kijana wangu wa Nakuru nakwambia, kabla ya viza, jifunze breki. Waandaaji wa Paris wenyewe wanasema wazi kwamba huo msafara ni wa watu wanaojua kusimama hata kwenye mteremko. Hawaulizi unaruka ngazi ngapi. Kama hujawa sawa, kuna mwingine wa Jumapili alasiri unaoanzia Bastille, hapo hapo Paris, wa taratibu, nenda huo kwanza na usione aibu, mimi nilienda Jumapili iliyofuata na nikafurahia zaidi kwa sababu mchana unaona mji.

Na siku za katikati ya wiki usidhani barabara ni zako. Ukiwa peke yako, Ufaransa wewe ni mtu wa miguu tu, unatembea pembeni kwa mwendo wa mtu wa miguu. Ujerumani ni hivyo hivyo, hata njia ya baiskeli huingii mpaka kuwe na kibao kinachoruhusu. Hizi za kushika matatu kule zitakulaza pabaya.

Berlin sitasema mengi, maana Berlin ina kidonda chake. Nilikuwa na binamu huko, aliyeniahidi kunipokea, tena yeye ndiye alisema usilipe hoteli, damu ni damu. Siku moja kabla ya basi langu akanyamaza. Simu inaita, meseji zina tiki mbili za bluu, kimya. Nililala hosteli chumba cha watu wanane kwa bei ya dakika za mwisho. Nilipoweka picha akawa wa kwanza kuweka moyo. Haya.

Lakini nilienda Tempelhof na nikasahau kila mtu. Huu ulikuwa uwanja wa ndege, ule ambao ndege za Marekani zilikuwa zikitua kuuletea mji chakula na makaa wakati Wasovieti wamefunga njia mwaka 1948 na 1949. Uwanja ukafungwa 2008, na 2010 wakaufungua uwe bustani ya watu, na 2014 wenyeji wakapiga kura kukataa usijengwe nyumba. Kwa hiyo barabara za ndege ziko pale pale, pana, zimenyooka, kila moja karibu kilomita mbili, na wewe unaziskeiti. Mimi mtoto wa kabro! Tatizo ni upepo. Kwenda upepo ulinisukuma mgongoni nikajiona bingwa wa dunia, kurudi nilikuwa nasukuma miguu yote miwili na nimesimama palepale, mtoto wa baiskeli ya magurudumu matatu akanipita. Lakini sikuwa na haraka, na hakuna mtu aliyeniuliza nafanya nini pale na miaka yangu.

Basi nyie mnaotaka kufuata, nawaambia kama dada. Msisubiri mtu wa kuwapeleka. Mwenye kukuahidi malazi mshukuru, halafu lipia kitanda chako hata hivyo, weka cha kughairi bure. Weka akiba ya hela yako mwenyewe, kidogo kidogo, mimi nilikuwa nafundisha watoto wa mtaani kwetu kila Jumamosi kwenye parking na kila shilingi ya pale haikuguswa. Na jifunzeni breki. Najua nimesema. Nasema tena kwa sababu kwenye darasa langu lingine, la watu wazima, wanakuja wamevaa skeiti mpya za bei, swali la kwanza ni viza, na nikiwachorea mstari wa chaki niwaambie simama kabla ya hapa, nusu wanaupita mpaka kwenye maua ya jirani. Vijana mna haraka ya kuonekana. Mnataka picha ya Eiffel na hamna hata kinga za viganja, na ukianguka mkono ndio unatangulia, daktari wa mifupa yeyote atakwambia. Ulaya haikimbii. Tempelhof itakuwa pale hata ukichukua mwaka mwingine kujifunza kuvuta mguu vizuri.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu kubeba skeiti kwenye ndege, kwa hiyo nimalizie na hilo. Mimi nazifunga kamba nje ya begi la mgongoni, na helmeti juu yake, sijawahi kuzipakia chini na sitaki kuziona zikirushwa. Uliza shirika lako kabla, uzito wa begi la mkononi unatofautiana. Lakini kile kispana kidogo cha magurudumu wekeni kwenye begi la kupakiwa. Changu afisa mmoja wa ukaguzi alikiinua juu ya taa akakigeuza kama amekamata bunduki, akakitupa kwenye pipa, kikiwa na kamba nyekundu niliyokifunga mwenyewe kisipotee. Ndio maana pale Paris ilibidi bibi wa watu atoe chake. Kesho yake nilinunua kingine kwenye duka la baiskeli, kinafungua sawa tu, ila mpini wake ni mfupi na unaumiza kiganja kila mara ninapokitumia.